Nyasi Juu ya Marumaru

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe Juni 2025, Mhaya wa Mwanza anayekwenda kwao kwa meli inabidi ajieleze. Zamani kivuko cha Kigongo na Busisi kilikuwa sababu tosha: foleni, malori, mvua, usiku unakukuta hujavuka. Sasa ni kilomita 3 za lami juu ya maji, unapita huku unaongea na simu, halafu Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, na jua bado lipo. Mume wangu alinieleza yote haya mezani, kalamu mkononi. Nauli za basi, muda, mizigo, mtoto anayenyonya. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamwambia tunapanda meli.

"Sababu?"

"Krismasi ya kwetu inaanzia melini."

Akaweka kalamu chini. Yeye ni wa Newala, na mtu wa Newala ana hekima moja: akiona ubishi hauna mahesabu ndani yake, hajisumbui.

Watoto wetu ni watatu. Wawili wa kwanza, binti wa darasa la sita na mdogo wake wa kiume wa darasa la pili, mama yao alifariki kabla sijawafahamu. Wa tatu ni wangu na baba yao, ndiye huyo anayenyonya. Wale wakubwa huniita Mamdogo, jina walilolichagua wenyewe na linalonitosha kabisa. Sikukuu zetu za mwanzo pamoja zilikuwa za televisheni, kuku wa kukaanga na soda, kila mmoja na kona yake ya kochi, tukiwa wapole kupita kiasi. Ukiona familia inaombana chumvi kwa adabu nyingi namna ile, jua bado hawajazoeana. Nikakumbuka Desemba za utotoni mwangu, ambazo hazikuwa na adabu hata kidogo, nikaamua kuwapeleka kwetu Kamachumu.

Meli yenyewe ni mtu mzima. Ilijengwa Scotland, ikaletwa vipande vipande hadi Kisumu, ikaungwa huko na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la Victoria. Mwaka 2014 ilisimama, na mwaka 2020 ikarudi majini baada ya ukarabati mkubwa, ikiwa na injini mpya na jina refu: MV New Victoria Hapa Kazi Tu. Sijasikia Mhaya akilitaja lote. Inabeba abiria 1,200, na wiki ya Krismasi unaweza kuapa kwamba nusu yao wamekuja na magodoro.

Baba yangu alikuwa karani wa reli Mwanza. Shule zikifungwa tu, tulikuwa gatini. Tulilala daraja la tatu, juu ya khanga iliyotandikwa katikati ya miguu ya watu, mama akiwa na sufuria la wali na samaki aliowafunga kwenye gazeti, baba akiwa na redio yake ambayo ikifika katikati ya ziwa ilikuwa inakoroma tu, lakini haizimi. Meli ilikuwa na harufu mbili kutegemea unaelekea wapi. Ukienda Bukoba ni saruji, sabuni na mikate. Ukirudi ni ndizi, mikungu imepangwa hadi mlangoni mwa choo, na utomvu wake ukikushika nguo hautoki mpaka nguo ichakae.

Halafu ikaja tarehe 21 Mei 1996. MV Bukoba, meli ndogo zaidi, iliyokuwa na nafasi ya watu 430, ilikuwa inakaribia Mwanza asubuhi ikitokea Bukoba na Kemondo. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, ikapinduka. Kwa muda ilielea kichwa chini, watu wakiwa hai ndani yake wanagonga. Waokoaji walipotoboa kitako chake ili wawatoe, hewa ikatoka na meli ikazama. Waliokufa ni mamia. Wengi wamelala Igoma, Mwanza, kwenye makaburi yao ya pamoja. Nyumbani kwetu hatukufiwa, lakini mtaani turubai lilihama kutoka ua mmoja kwenda mwingine bila kukunjwa. Mama aliapa kwamba hakanyagi tena chombo cha majini. Alipoapa yeye, tukawa tumeapa wote. Tulijaribu kwenda kwa basi miaka kadhaa, tukawa tunafika tumevunjika migongo, mchanga mdomoni. Kisha baba akafariki, bibi naye akamfuata, na Desemba ikawa mwezi kama Oktoba.

Kwa hiyo si kwamba mila ilikufa kwa sababu tulihamia mjini, kama tunavyopenda kusema kwenye harusi. Mjini tulikuwepo siku zote. Ilikufa kwa sababu njia ilitisha, na wale waliokuwa wanatuita hawakuwepo tena.

Mama alikuja kutusindikiza bandarini. Hakushuka garini. Alibaki kiti cha nyuma na rozari yake, akampakata mjukuu mchanga hadi king'ora cha kwanza kilipolia, akaninyooshea mtoto dirishani bila kuitazama meli. "Mkifika piga simu. Hata kama ni saa kumi usiku." Nilimwambia kwamba siku hizi kuna maboya ya kujiokolea kwa kila abiria na idadi inakaguliwa. Akaitikia kama mtu anayeitikia tangazo la redio.

Usiku ule haukuwa na mwezi. Mwanza ilipobaki mstari wa taa nyuma yetu, upepo ukawa mkali, nikafungua begi la binti nimtafutie sweta. Mkono ukagonga chuma. Alikuwa amebeba kikaango cha vitumbua, kile kizito cha vishimo, amekizungushia fulana mbili ili kisigongane na kitu. Kilikuwa cha mama yake. Nilikijua kutoka kabati la juu jikoni, mahali ambapo mimi huwa sigusi. Yeye aliniona nimekiona. Nikatoa sweta, nikakirudishia fulana zake vizuri, nikafunga zipu. Mdogo wake alikuwa anauliza kwa mara ya nne kama kuna mamba.

Kemondo tulishuka kukiwa hakujapambazuka sawasawa. Baba mdogo alikuwa amekuja na pikapu ya kuazima, amevaa koti la mvua, na kabla hajanisalimu alimtazama mume wangu kuanzia kofia hadi viatu. "Karibu mkwe. Sisi tulijua mwanamke akiolewa Krismasi yake ni kwa mumewe. Huyu wetu kaolewa, sasa anatuletea na mume!" Wakacheka wote wawili, baba mdogo zaidi. Nilitegemea hilo. Kwa Wahaya wa rika lake, nilichokifanya ni kioja, na kioja kikishataniwa ndiyo kimepokelewa.

Njia ya Kamachumu inaachana na barabara kubwa pale Muhutwe, inaanza kupanda. Watu wanaoijua Kagera kwa picha za ziwa huwa hawategemei ule uwanda wa juu. Kwanza unapita vibanja, yaani mashamba ya migomba yenye nyumba katikati, kahawa chini ya migomba, maharage chini ya kahawa, kivuli mchana kutwa. Mara kivuli kinakatika, unatokea kwenye rweya: nyasi tupu, upepo, mawe, anga lote. Halafu kibanja tena. Mtoto wa kule anakua kati ya vyumba hivyo viwili, kimoja cha giza la kijani na kingine cha mwanga. Kibanja ni cha ukoo, kina mipaka na makaburi na kesi. Rweya ilikuwa ya wote, na kazi zetu nyingi za Desemba zilikuwa huko.

Nyumba ya bibi haipo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lile la ukubwa wa 5.9, liliipasua kutoka linta hadi msingi. Baba mdogo aliibomoa akajenga nyingine pale pale, ya bati la rangi ya damu ya mzee, madirisha ya alumini na sakafu ya marumaru nyeupe. Nzuri sana. Unaogopa kuingia na viatu.

Tulikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo ada. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba sasa ingawa nyumba ni ya mdogo wake, alileta kile kikapu kidogo chenye mfuniko. Hizo ni buni za robusta zilizochumwa, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikaanikwa hadi zikawa kavu na nyeusi. Mgeni anachukua chache, anamenya kwa meno, anatafuna taratibu huku habari zinaendelea. Zamani hata undugu wa kuchanjiana ulifungwa kwa buni, kwa kuwa ndani ya tunda moja mna punje mbili zilizolala kifua kwa kifua. Yule wa darasa la pili alitupa mdomoni nyingi kwa pamoja, akidhani ni karanga. Uso wake ulipokunjamana, Shangazi alimwambia ameze, mwanamume hatemi mbele ya wakwe. Alimeza.

Kisha watoto wakaletewa soda. Wakawekewa viti vya plastiki, wakafunguliwa televisheni. Wakakaa pale na soda zao, magoti yamebanwa pamoja, sawasawa na walivyokuwa wakikaa Mwanza.

Hapa inanibidi nimzungumzie bibi. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na katika utoto wangu kila nilipofika likizo nilikuta nyumbani kwa bibi kuna watoto wapya. Binamu, watoto wa binamu, mtoto wa jirani ambaye hakubakiwa na mtu. Walikuwa wanafika na mfuko mmoja, wamenyamaza. Bibi hakuwahi kuwatolea hotuba ya mapenzi. Hakuwaambia wajisikie wako nyumbani. Alikuwa anamtazama mtoto jinsi mikono yake ilivyo, anampa kisu cha kumenyea ndizi, anamwonyesha pa kukaa. Kufika jioni yule mtoto amekwisha kugombana na mwenzake kuhusu maganda, ametukanwa kwamba anamenya nene, anakula ndizi yote, na amejibu. Siku mbili hivi baadaye hukuweza kumjua tena nani wa mwanzo nani wa juzi. Nadhani ndiyo siri yote ya Krismasi zile nilizokuwa ninazililia. Tulikuwa na kazi nyingi mno, na kila kazi ilikuwa na mwenyewe.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimfuata Shangazi jikoni nikamwomba hata hiyo siku ya pili aifute.

"Watoto wa mjini hawa, bojo," alisema. "Wakijikata?"

"Watafungwa kitambaa."

Alifikiri kidogo, akatoka ukumbini, akazima televisheni. Nilisikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu bibi afariki: "Haya! Nani anajua kukata nyasi hapa?"

Desturi ya nyumba za kwetu ni kutandika nyasi sakafuni, na kwa Krismasi zinaondolewa zote za zamani, zinawekwa mpya. Mgeni akiingia anavua viatu, anakaa chini, anakunja miguu, na harufu ya nyasi mbichi ndiyo inayomwambia kwamba nyumba hii imejiandaa. Ilikuwa kazi ya wanawake na watoto, wiki nzima kabla ya sikukuu: kukata rweyani, kuanika zisinyae kidogo, kufunga matita, kubeba kichwani. Nyumba nyingi zimeacha. Saruji haitaki nyasi, na marumaru ndiyo kabisa, unateleza ukajivunjia kiuno mbele ya wageni.

Tulikwenda asubuhi, Shangazi na miundu miwili, wakubwa wetu wawili, watoto wa baba mdogo na mimi na mwanangu mgongoni. Mume wangu alijiunga baadaye, akidai anakuja kupiga picha. Kule Newala nyasi wanazikata kwa ajili ya kuezeka, kwa hiyo mkono wake haukuwa mgeni wa mundu, na baada ya muda simu ilikuwa mfukoni na jasho linamtoka. Shangazi alimtazama akakata hatua kadhaa, akaguna ule mguno wa kuridhika, akarudi kwa binti. Alimshika kifundo cha mkono. Usivute kuja kwako, utajikata goti; shika chini, laza, mundu upite chini ya ngumi. Mara ya kwanza alikata nyasi tatu. Alipokuja kupata tita lake, lilikuwa limelegea upande mmoja, likamwagika njiani kama ndoo yenye tundu, na wenzake nyuma wakawa wanaokota na kulalamika kwa Kihaya, lugha ambayo haielewi hata neno, lakini lawama haihitaji mkalimani. Akageuka akawajibu kwa Kiswahili cha Mwanza. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatabasamu akiangalia chini.

Nyasi tulizitandika juu ya marumaru. Baba mdogo alipinga kwanza, akasema tunamrudisha kwenye mushonge, ile nyumba ya msonge ya mababu. Shangazi alimwambia kwamba sakafu yake ni baridi, hata paka halali. Tulitafuta suluhisho: turubai chini ili zisiteleze, nyasi juu, nene, hadi kona za ukuta. Jioni ile watoto wote walilala ukumbini kwa hiari yao, na televisheni hakuna aliyeiulizia.

Senene ni habari nyingine. Msimu wake mkubwa ni Novemba na Desemba, mvua zikiwa zimekolea, na Krismasi huwakuta wakiwa mwishoni. Bukoba mjini siku hizi wanavuliwa kwa umeme: taa kali usiku, mabati yamesimamishwa juu ya mapipa, senene anaufuata mwanga, anagonga bati, anateleza hadi ndani ya pipa. Asubuhi wanauzwa kwa kipimo, na mabasi yanawapeleka Mwanza na Dar es Salaam wakiwa tayari wamekaangwa. Ni biashara nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini senene wa pipa hamfundishi mtoto kuamka.

Sisi tulikuwa tunawafuata alfajiri, kabla jua halijawapa nguvu. Umande ukiwa umewalowesha hawaruki, wanang'ang'ania jani tu. Kazi ni kuwaona. Wengi ni wa kijani kama nyasi yenyewe, wengine rangi ya majani makavu, na mara chache unampata mwenye wekundu wa zambarau, ambaye kwetu aliyempata alitembea naye kijiji kizima. Nilimwamsha yule mdogo kukiwa bado giza, nikampa chupa ya maji iliyokatwa shingo. Alilalamika baridi, alilalamika gumboti kubwa, alilalamika kwamba hakuna senene, wametuona wamekimbia. Kisha akachuchumaa kufunga gumboti, na pale macho yalipokuwa usawa wa majani, akanyamaza. Walikuwa mbele ya pua yake, kwenye kila bua la tatu.

Hatukupata wengi, pengine kikombe kimoja na nusu kwa jumla. Tuliwachambua barazani: unashika kichwa, unang'oa mabawa, kisha miguu, zile ndevu mbili ndefu, unatupa mwili kwenye sufuria. Vidole vinateleza mafuta. Hawahitaji mafuta mengine: maji kidogo na chumvi, yakikauka wanaanza kujikaanga kwa mafuta yao, ndipo unatia kitunguu. Binti alikataa hata kusogea, akasimama mlangoni amekunja mikono. Mdogo wake alikula wa kwanza akitafuna kwa kelele makusudi, wa pili bila kelele, na baada ya hapo akawa analinda bakuli.

Bibi, aliyetufundisha yote haya, hakuwahi kula senene hata mmoja. Kwa desturi ya wakati wake ulikuwa mwiko kwa mwanamke: aliambiwa atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene. Aliokota, akachambua, akakaanga, akamwandalia babu, na babu kwa shukrani akamnunulia kitenge. Nilimwuliza Shangazi kama naye aliwahi kuushika mwiko huo. Alichota konzi, akatia mdomoni, akaniambia alipata kichwa cha kila aina miongoni mwa wanawe na hakuna hata kimoja cha senene.

Sikutaka kurudisha kila kitu. Kuna mambo ya Krismasi za utotoni ambayo watu hawayasimulii wakilewa kumbukumbu: wanawake kula mwisho jikoni, watoto kubakiziwa shingo na miguu ya kuku, sisi wadogo kuonjeshwa rubisi, pombe ya ndizi, mpaka tunayumba na wakubwa wanacheka. Hayo yapumzike. Kupiga magoti wakati wa kumwamkia mkubwa nilikuacha kwa mume wangu aamue kuhusu bintiye, na yeye akamwachia binti. Binti akapiga goti moja, nusunusu, mara ya kwanza kwa aibu na mara zilizofuata kwa haraka kama mtu anayefunga kamba ya kiatu. Wazee hawakulalamika.

Rubisi yenyewe imepungua. Tangu mnyauko wa migomba uingie Kagera mwaka 2006, ndizi za pombe zimekuwa za kutafuta. Ugonjwa ule ukiingia shinani dawa ni kung'oa na kuchoma. Baba mdogo alinunua ndizi kwa majirani wawili ili ajaze mtumbwi mmoja wa kukamulia. Wanaume walizikanyaga kwa miguu, ndani ya nyasi, mkwe akiwa mmoja wao, suruali imekunjwa hadi magotini. Wakachuja, wakatia mtama uliokaangwa na kusagwa, wakafunika kwa majani ya mgomba. Watoto walipewa maji yake matamu kabla hayajachacha, vikombe viwili viwili, na kesho yake walikimbizana kwenda chooni. Na hilo pia ni la kale.

Mkesha wa Krismasi ng'ombe wa kuchangia alichinjwa kwa jirani, nyama ikagawanywa mafungu juu ya majani ya mgomba. Tulimenya ndizi hadi vidole vikawa vyeusi. Pale ndipo binti, bila kuniangalia, aliponiuliza kama Kamachumu kuna nazi.

Hakuna. Minazi na baridi ile havipatani.

"Mchele je?"

Mchele upo. Tuliuloweka usiku ule ule. Kumbe kwao, mama yao alipokuwa hai, vitumbua vilipikwa asubuhi ya Krismasi kabla ya kanisani, na mtoto aliyeamka wa kwanza alikula vya kwanza. Baba yao alikuwa anajua na hakuwahi kuniambia; alisema alidhani wamesahau. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa jikoni kwa Shangazi, mimi na binti, mchele tumeutwanga kwenye kinu maana mashine imefungwa, maziwa ya ng'ombe badala ya nazi, iliki aliyokuja nayo kwenye karatasi. Mimi nilikuwa mtumwa tu: chochea, leta, shika taa. Kikaango kilikaa juu ya mafiga matatu, yeye akiinama kusikiliza mafuta. Vya kwanza vilishika chini. Alivitoa kwa kijiko, akavitazama, akampelekea mdogo wake aliyekuwa amesimama mlangoni na blanketi, wa kwanza kuamka.

Shangazi alionja kimoja na kahawa. Alisema sukari ni kidogo, akauliza unga umebaki kiasi gani, kwa sababu wageni wa baada ya misa ni wengi.

Misa tulisali Rutabo, kule ambako Laurean Rugambwa alikuwa askofu kabla hajawa Kardinali wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960. Ukitaka kujua Kamachumu ni mahali gani, kaa kwenye baraza lolote siku ya sikukuu usikilize ni familia ngapi zinamhesabu kama ndugu wa karibu. Tuliporudi, ukumbi ulijaa, watu wamekaa juu ya nyasi, miguu imekunjwa, sahani za ndizi na nyama katikati. Binti alikuwa anapita na sinia la vitumbua na kikapu cha kahawa, goti moja chini, goti juu. Mzee mmoja alimwuliza ni mtoto wa nani. Kabla sijajibu, Shangazi alisema kutoka jikoni kwamba ni wa hapa, na kwamba aache maswali, achukue kitumbua.

Kurudi Mwanza tulipitia darajani. Mtoto mchanga alikuwa na mafua, na mume wangu alistahili kushinda mara moja. Ni daraja zuri sana.

Kwa msomaji anayefikiria safari kama hii: tiketi ya meli wiki ya Krismasi itafute mapema, beba sweta hata kama unatoka Mwanza kwenye joto, na usiwaahidi watoto senene, maana hutegemea mvua. Desemba ijayo ni zamu ya Newala. Nimeshampigia mama mkwe, nikamwomba asitutandikie kitanda cha wageni wala asinunue soda. Amesema korosho zitakuwa bado zinaokotwa, na ndoo zipo za kutosha kila mtu.